Mjomba wa Mwalimu Kheri

Habari mbaya ikifika Kombani humkuta Kheri amekwisha kaa, anainywea chai. Siku hiyo ililetwa na Abdulaziz, mwenyekiti wa bodaboda wa njia panda, ambaye alipanda juu ya kreti la soda, akasafisha koo, na kutangaza kwamba baada ya miezi miwili jaketi la stejini litavaliwa na mwenye leseni ya daraja la A3 peke yake. Asiyekuwa nayo atafute kazi nyingine, au steji nyingine yenye mwenyekiti asiyejali.

"Mimi leseni ninayo," alisema Randu, ambaye alikuwa amebeba abiria njia hiyo miaka minane.

"Ya daraja gani?"

"Ya pikipiki."

"Yako ni A2, Randu. Hiyo ni ya kujiendea wewe mwenyewe shambani na kurudi. Abiria wa kulipa, mizigo ya watu, tuktuk, hayo yote ni A3. Na A3 ina mtihani uwanjani Kwale. Kuna koni, kuna kupiga nane, yaani kuzizunguka kwa umbo la 8, kuna breki ya ghafla, kuna ishara za mkono."

Watu wa stejini wakaanza kuchomoa leseni zao mfukoni kuzitazama. Hawa ni watu waliobeba maharusi, mbuzi, vitanda vya futi sita na, mwaka mmoja wa mvua nyingi, jeneza lenye mwenyewe ndani. Lakini neno mtihani walikuwa wameliacha shuleni, na wengi wao hawakuagana nalo vizuri.

Kheri akaweka kikombe chini.

Tumtendee haki mtu huyu kabla hajafungua mdomo. Kheri hakuwahi kuiba. Vyote alivyowahi kuvila alipewa na wenyewe kwa mikono yao, na mara nyingi walimsihi apokee. Kule Diani aliwauzia wageni vibali vya kupiga picha bahari, na walivipenda hata wakaomba vya jamaa zao. Kule Msambweni alifanya kazi ya kutabiri watoto. Familia yenye mja mzito ilimpa ujira, naye akaahidi mtoto wa kiume. Akizaliwa wa kike, fedha zote zilirudishwa siku hiyo hiyo, pamoja na pole. Na kwa kuwa nusu ya watoto wa dunia hii huzaliwa wanaume bila msaada wa Kheri, alikula vizuri, na waliorudishiwa wakamsifu kwa uaminifu.

Kazi hiyo ilikwisha siku alipopokea ujira wa shangazi wa Mwanasha, mke wake. Shangazi alipata mtoto wa kiume, akalipa kwa furaha, na Mwanasha akakaa jikoni akifikiri huku ugali ukiungua. Alipomaliza kufikiri alikunja leso zake, akarudi kwa mama yake Msambweni. "Nitarudi," alimwambia mumewe mlangoni, "siku utakayoleta nyumbani kitu ulichokifanyia kazi. Na usinijaribu, Kheri. Nitajua." Hiyo ilikuwa karibu miezi mitatu iliyopita. Kheri alimpenda mkewe, na katika hili hakuwa akiigiza. Nyumba yao kwenye njia ya Mkongani ilivuja kila chumba, na tangu Mwanasha aondoke alikuwa akilala palipovuja, kwa sababu kuhamisha kitanda peke yake kulimtia huzuni.

Kwa hivyo alipoinuka pale kwenye meza ya chai, hakuona waendesha pikipiki sita waliokata tamaa. Aliona mabati.

"Salaam aleikum, jamaa. Mwaogopa mtihani, au mwaogopa mtahini?"

"Kuna tofauti?" aliuliza Luqman, kijana mpole aliyelelewa vizuri kupita kiasi.

"Mtihani hauna jamaa. Mtahini ana jamaa. Mimi nina mjomba kule."

Watu sita wakasogea. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kutoka mashamba ya walowezi wa Shimba Hills, Mkamba, jina lake Mumbe, ingawa stejini wote walimwita Mama Ndeti. Aliuza machungwa hapo njia panda na kuyapeleka hoteli za Diani kwa pikipiki ya mumewe, tangu goti la mume lilipomkataa. Sasa alitaka kubeba na mizigo ya wenziwe, na A3 ilimsimamia mbele.

"Anaitwa nani huyo mjomba?" aliuliza Mumbe.

"Mama Ndeti, ukitaja jina la mtu wa ofisini unamwaga unga wake. Mjomba ni mjomba."

Masharti aliyaeleza taratibu. Kila mmoja angetia elfu tano ndani ya bahasha, aifunge, atie sahihi juu ya gundi. Kheri angeziweka kama amana. Anayefaulu, bahasha ni ya mjomba. Anayeanguka, anarudishiwa bahasha yake vile vile ilivyo, haijafunguliwa.

"Na wewe mwenyewe unapata nini?"

"Dua zenu."

Mumbe aliyageuza maneno hayo huku na huku, akiyatafuta tundu, jinsi mtu anavyoinua sufuria juani kabla ya kuinunua. Hakuona tundu. Wengine hata hawakutafuta, kwa kuwa walikwisha kuingiwa na ile raha ya mtu anayedhani amepata njia ya kufaulu bila kusoma. Jioni hiyo bahasha sita zilikuwa ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda cha Kheri. Kazi iliyobaki ilikuwa ni kukaa na kungoja. Watu waliozaliwa juu ya pikipiki wangekwenda Kwale, wangefaulu wenyewe, na wangemshukuru mjomba ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Waliotangulia walikuwa Randu na Luqman, kwa sababu nafasi zilizobaki mwezi huo zilikuwa mbili. Kheri alifuatana nao, amevaa miwani ya jua na shati jeupe, akasimama nje ya waya wa uwanja. Watu hawawezi kuamini mjomba wasiyeona dalili yake. Basi akapanga kwamba katikati ya mtihani atainua mkono kuelekea ile meza ya watahini, kwa namna ya mtu anayesalimiana na wa kwao, na Randu auone.

Randu aliuona. Alikuwa katikati ya nane, anazunguka vizuri kabisa, koni zote zimesimama, mkono wa Kheri ulipoinuka. Na kwa miaka minane macho ya Randu yalikuwa yamefundishwa jambo moja tu duniani, nalo ni mkono wa mtu ulioinuliwa kando ya njia. Aliiacha nane. Alipita kati ya koni mbili, akauvuka uwanja mzima, akasimamisha pikipiki kwa adabu mbele ya waya.

"Wapi?" akauliza.

"Wapi nini?"

"Unakwenda wapi?"

"Randu, rudi kwenye mtihani."

"Umeinua mkono," alisema Randu, na ndipo alipofahamu mahali alipo.

Luqman aliimaliza nane bila kugusa kitu. Alipoambiwa akate kushoto akaonyesha ishara kama waonyeshavyo watu wote wa Kombani, yaani kwa mguu. Halafu, akipita mbele ya meza, aliona kwamba mtahini ni mtu mzima kuliko yeye. Akapunguza mwendo, akaachia mpini, akaweka mkono kifuani na kusema shikamoo. Mtahini akaitikia marahaba, akaandika alama ya kukosa.

"Mjomba wako ana hereni," alisema Randu wakishuka kilima.

"Na anaitwa Madam Beryl," aliongeza Luqman.

Kheri hakubabaika hata kidogo. "Huyo ni wa uwanjani. Mjomba yuko ndani, ndiye anayetia sahihi. Sasa atatia sahihi vipi mtu aliyeondoka kwenye mtihani kwenda kuchukua abiria? Yeye ni mjomba, si malaika."

Akawarudishia bahasha zao mbele ya watu wote, na stejini nzima ikasema huyu mtu ni mwaminifu. Kheri alitabasamu kwa uchungu. Usiku haukuwa umeingia bado alipoelewa ukubwa wa balaa lake. Watoto huzaliwa wanaume wenyewe, lakini mtu wa bodaboda hafaulu mwenyewe. Kila tabia iliyomfanya awe dereva mzuri Kombani ingemwangusha Kwale. Hawa watu wangekwenda mmoja mmoja, wangeanguka mmoja mmoja, naye angerudisha mpaka bati libaki na makombo ya biskuti.

Alikuwa na majuma matano hadi siku nyingine ya mtihani. Randu na Luqman walirudisha bahasha zao kwake bila kusukumwa, maana hapakuwa na cha kupoteza. Na Kheri, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuishi kwa maneno, akalazimika kutaka watu wafaulu kweli.

Alitafuta kijitabu cha sheria, akakisoma siku tatu. Akaomba ule uwanja wa kuanikia korosho nyuma ya duka la Abdulaziz. Koni hakuwa nazo, akapanga nazi. Kupanda pikipiki hakujua. Maisha yake yote alikuwa amebebwa. Basi alifundisha akiwa juu ya kiti cha plastiki katikati ya uwanja, kijitabu mkononi, na sauti ya mtu aliyeendesha tangu enzi za baba yake.

"Anayegonga nazi," alitangaza, "anaikuna."

Mbuzi ya kukunia iliwekwa kando, na wanaume wazima wakakaa juu yake mmoja baada ya mwingine huku wake zao wakija kutazama. Juma la kwanza Kombani yote ilikula wali wa nazi kila siku. Luqman alifungwa kengele ya mbuzi wa kufugwa kwenye kifundo cha mguu, na kila mguu ulipotoka kutaka kuonyesha kushoto, kengele ikalia na uwanja mzima ukageuka kumtazama. Kengele ililia siku tisa. Siku ya kumi alikata kushoto kimya, mkono umenyooka, na wenziwe wakampigia makofi.

Randu alikuwa na ugonjwa mzito zaidi. Kheri aliwaomba akina mama wa sokoni wasimame pembeni ya uwanja na kupunga mikono. Siku ya kwanza Randu alisimamia wateja kumi na mmoja na kukuna nazi kumi na moja. Siku ya nne alisimama mama mmoja na mkoba, mtoto mgongoni na kuku mkononi, ndio mteja wa ndoto zake, akapunga kwa nguvu. Randu alimpita machozi yakimlenga.

Mumbe yeye hakuwa na tabia mbaya, alikuwa na woga. Kupiga nane kunataka kwenda polepole, na yeye alijua kwenda kwa kasi tu, awahi hoteli kabla machungwa hayajapata joto. Kila akipunguza, pikipiki iliyumba, na yeye akaweka mguu chini. Kheri alimwambia asitazame nazi, atazame anakokwenda. Alimwambia hivyo siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano, Mumbe aliingia katikati ya nazi kwa mwendo wa mtu anayebeba maji kichwani, akazunguka upande mmoja, akavuka katikati, akazunguka upande wa pili, akatoka. Hakuna nazi iliyotikisika. Kheri alijikuta amesimama, kijitabu kimeanguka.

"Rudia, Mama Ndeti," alisema.

"Nimekosea?"

"Hukukosea. Rudia nitazame."

Tuseme lilivyo: hakukumbuka bahasha wakati huo. Ni baadaye, akikokota kiti kukirudisha dukani, ndipo alipozikumbuka na kujishangaa.

Alimpigia Mwanasha simu alasiri hiyo. Kwa miezi minne mazungumzo yao yalikuwa ya hujambo na sijambo. Sasa alimweleza habari za kengele, na za Randu na yule mama mwenye kuku, na Mwanasha akacheka. Kheri alibana simu sikioni ili asipoteze hata kidogo.

"Ni kweli unafundisha?" aliuliza Mwanasha.

"Wallahi. Waulize."

"Na wanakulipa?"

"Wameweka amana. Anayefaulu, nachukua. Anayeanguka namrudishia."

Kicheko cha Mwanasha kikakatika. "Unamrudishia yote?"

"Kila senti."

Kheri akatazama simu kama salio limekwisha. "Huyo Mama Ndeti wako," alisema Mwanasha mwishowe, kwa sauti laini sana, "anauza machungwa upande gani wa njia panda?"

"Upande wa kwenda Kwale. Kwani?"

"Mama yangu anapenda machungwa."

Mtu mwingine angeshtuka. Lakini Kheri alikuwa akiwaza nane, na mtu anayewaza kazi yake hatazami nyuma.

Siku ya mtihani alivaa shati jeupe na miwani, akafika stejini alfajiri. Mumbe alikuwa amekwisha vaa kofia ngumu.

"Mwalimu, wewe unabaki."

"Nibaki vipi? Mimi ndiye mwalimu."

"Mara ya kwanza uliinua mkono na Randu akapotea. Leo tuko sita. Ukijikuna tu kichwa, tumekwisha wote."

Miwani ikarudi mfukoni. Kheri akabaki. Alikunywa chai mpaka mama wa chai akakataa kumuuzia nyingine. Abdulaziz alipita mara mbili kumuuliza kama ana homa. Mabati yalikuwa karibu kuliko wakati wowote, na Mwanasha chini yake, na bado alichokuwa akiomba kimoyomoyo ni Luqman asisalimie mtu.

Walirudi baada ya adhuhuri. Walikuja mmoja nyuma ya mwingine, polepole, hakuna aliyepiga honi. Wakasimama. Hakuna aliyevua kofia.

"Vipi?" aliuliza Kheri.

"Tumeanguka," alisema Randu kutoka ndani ya kofia yake.

"Nani?"

"Sisi."

"Wote sita?"

"Wote, mwalimu."

Akamgeukia Mumbe. "Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Uliweka mguu chini?"

"Sikuweka."

"Uligonga koni?"

"Sikugonga. Wamesema ile si nane."

"Ilikuwa nini?"

Mumbe alitazama wenziwe, akatafuta jibu. "Hawakusema," alijibu. "Wamesema tu si nane."

Kheri alikwenda nyumbani, akaleta bati, na kuwapa bahasha zao, gundi haijaguswa. Kila mmoja alipokea ameinamisha kichwa, na mabega ya Luqman yakatikisika hata Kheri akamshika na kumwambia ajikaze, hata watu wakubwa huanguka. Kisha akakaa peke yake mpaka magharibi. Alipaswa kusikitikia elfu thelathini. Alipaswa kusikitikia mabati na mke. Alijaribu, kwa haki yote, lakini kila akianza mawazo yalimrudisha kwenye uwanja wa korosho, kwa mwanamke wa miaka hamsini anayezunguka kati ya nazi bila kuitikisa hata moja. Si nane. Ile ikawa si nane.

Asubuhi yake Kheri alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu apate akili: alikwenda mwenyewe, kwa hiari yake, kwenye ofisi ya serikali. Madam Beryl alikuwa ameketi kwenye kibaraza akipanga karatasi.

"Shikamoo, madam. Nimekuja kwa ajili ya Mumbe. Yule mama wa machungwa mliyemwangusha jana."

"Nani?"

"Mumbe. Nane yake nimeitazama mara mia mbili, madam, nami nakwambia kwa heshima zote, hapa Kwale nzima hakuna nane nzuri kuliko ile. Kama mna sababu ya kumwangusha, semeni sababu. Ana mume mgonjwa wa goti. Msimwambie mtu mzima kwamba si nane, bila kumwambia ni nini."

Madam Beryl alimtazama, akafungua orodha, akashuka na kidole. "Mumbe alipita, bwana. Alipita hadi nikamwambia arudie ndio nione tena. Hawa wa Kombani wote walipita, sita kwa sita. Ni nani amekudanganya?"

Kheri alizijua dalili zote za mtu aliyetapeliwa. Alikuwa amezitazama kwa karibu kwa miaka kumi na tano: kope kusimama, mdomo kufunguka kidogo, mkono kwenda mfukoni kutafuta kilichokwisha ondoka. Hakuwa amewahi kuzisikia kutoka ndani.

"Na wewe ni nani yao?" aliuliza Madam Beryl.

"Mwalimu wao."

"Kumbe ni wewe. Wamekutaja sana. Leseni yako ni ya daraja gani?"

"Nimeiacha nyumbani, madam."

"Sijaitisha leseni. Nimeuliza daraja."

"Nalo nimeliacha," alisema Kheri, na akaondoka kwa mwendo wa heshima mpaka alipopita lango.

Alishuka Kombani akiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kushitakia. Angemwendea nani? Angesema nini, kwamba watu wamekataa kumlipa mjomba ambaye hayupo kwa hongo ambayo haikutolewa? Kila mlango aliojaribu kuufungua kichwani aliukuta ameufunga yeye mwenyewe, na kwa ustadi.

Stejini walikuwepo wote sita, wamevaa majaketi mapya yenye namba. Walipomwona wakapata shughuli: huyu akafuta kioo, yule akachunguza gurudumu. Na kando ya lundo la machungwa la Mumbe, juu ya kreti lililogeuzwa, mkoba umewekwa mapajani, alikuwa ameketi Mwanasha anamenya chungwa.

Kheri alisimama katikati ya barabara mpaka lori likampigia honi.

"Salaam aleikum," alisema.

"Aleikum salaam. Umetoka wapi?"

"Kwale."

"Kufanya nini?"

Uongo ulijipanga nyuma ya meno yake, mmoja mzuri kuliko mwingine, ukingoja kuchaguliwa. Hakuchagua. "Kumtetea Mama Ndeti. Waliniambia nane yake imekataliwa."

"Ulikwenda kudai pesa?"

"Pesa nimezikumbuka nikiwa narudi."

Mumbe aliacha kupanga machungwa. Mwanasha alimwangalia mumewe kwa muda, jinsi anavyoangalia samaki sokoni kabla hajauliza bei, halafu akamkatia kipande cha chungwa.

"Uliposema unarudisha kila senti, nikamkumbuka shangazi," alisema. "Nikaja siku ya pili yake. Nikawauliza hawa kama mjomba wako wamemwona. Wakasema wameona hereni. Nikawaambia, basi mjomba hayupo, na mwalimu wenu hapati kitu mpaka mfaulu, mwacheni afundishe. Na mkifaulu, semeni mmeanguka."

"Tuwie radhi, mwalimu," alisema Luqman, ambaye kwa kweli alikuwa ameteseka. "Mimi nilitaka kukwambia. Randu alinikanyaga mguu."

"Na jana ulinishika kunifariji, kumbe nacheka," aliendelea Luqman. "Sikulala."

Kheri alitafuna chungwa lake. Aliwatazama watu sita wajinga aliowachagua mwenyewe, mmoja mmoja, kwa ujinga wao. "Ni kazi nzuri," alisema, kwa heshima ya fundi anayeona kazi ya fundi mwenzake. "Hata ile ya kutovua kofia."

"Hiyo ni yangu," alisema Mumbe.

"Kwa hivyo majuma matano yangu yamekwenda bure."

Randu akakasirika. "Bure vipi? Tumelipa. Kazi umefanya, tumekulipa kazi. Mjomba ndiye hatukumpa."

Uso wa Kheri ukafunguka. Akanyoosha mkono. Hakuna aliyetia kitu.

"Wamenilipa mimi," alisema Mwanasha, akaupiga ule mkoba kofi dogo. "Mabati yamekwisha agizwa. Yanakuja Alhamisi."

"Yote? Hata kidogo hakukubaki?"

"Kuna misumari, Kheri."

Alitaka kulalamika, kisha akasikia alichoambiwa. "Alhamisi yanakuja wapi?"

"Kwani mimi naezeka nyumba ya Msambweni?" Mwanasha aliinuka, akakung'uta leso. "Mama Ndeti, tafadhali nipeleke kabla jua halijawa kali. Nyumba hiyo haijafagiwa miezi minne, naijua."

Mumbe alimpa kofia ngumu, na Mwanasha akapanda nyuma, mkoba mbele ya kifua. Kheri akainua mguu ajibane nyuma ya mkewe. Mumbe akazima injini.

"Mwalimu, abiria ni mmoja."

"Mama Ndeti, ni hapo tu."

"Umetufundisha wewe."

Akatafuta msaada stejini. Abdulaziz alikuwa amesimama mlangoni pa duka, amekunja mikono, anatazama jaketi la nani litavuliwa kwanza. Kheri akashusha mguu. Mumbe akawasha, akatazama nyuma ya bega, akanyoosha mkono na kuingia njia ya Mkongani polepole, bila kosa hata moja.

"Twende nikubebe mimi," alisema Randu. "Nauli mia."

Kheri alijipapasa mifuko. Pesa yake ya mwisho ilikuwa imempeleka Kwale kutetea wanafunzi waliofaulu. "Sina hata kumi."

"Utalipa ukifika. Si mkeo anazo?"

Kheri alilifikiria hilo. Alijiona akishuka pikipiki mlangoni pake, mke amerudi baada ya miezi minne, na neno lake la kwanza kwake likiwa ombi la shilingi mia. Alitikisa kichwa, akavua viatu vyake vya kwendea ofisini, akavishika mkononi na kuanza kutembea.

Ulikuwa mwendo wa saa nzima, na jua lilikuwa limepanda. Njiani alitunga mambo mengi ya kumwambia, akayafuta yote. Alipokata kona ya mwisho aliona mlango wa nyumba uko wazi, na godoro lake limetolewa nje, limelazwa juani likauke. Akaongeza mwendo.